Nusu Moja Haina Neno

Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sufu ulikuwa mtaa wa watu wanaolala wakiwa wima, na Nibia Bentancor aliwadharau wote bila kubagua. Kiwanda kilishafungwa zamani, geti lake limeliwa na kutu, lakini waliokitumikia walikuwa bado wapo, na kila mmoja alitembea na vidonge vyake vya kutuliza moyo mkobani, kando ya funguo na leso. Tena walikuwa wanagawiana. Aliyefiwa na mbwa alipewa nusu. Ambaye binti yake hajapiga simu kutoka Montevideo alipewa nusu. Aliyeona timu yake ikifungwa nyumbani alipewa nusu, na asiyekuwa na shida yoyote alipewa nusu ya akiba, maana shida haipigi hodi. Hata jina la dawa walikuwa wamelisahau. Walisema "nusu", basi, na kila mtu alielewa.

"Mimi moyo wangu nauendesha mwenyewe," Nibia alipenda kuwaambia. "Sijaukodishia dereva."

Wao walimtazama kwa yale macho yao mazito, wakatabasamu, wakaomba kibuyu kizunguke.

Kibuyu ndicho kilichowakutanisha kila alasiri katika nyumba ya wazazi wa Nibia, ambamo sasa aliishi na kaka yake Dardo na mke wa kaka yake, Zulma. Chai chungu ya majani, maji ya moto kwenye themosi, mrija mmoja wa chuma kwa vinywa vyote. Anayemimina ni mmoja, naye ndiye mkuu wa baraza. Katika nyumba ile alikuwa Nibia, na ole wake aliyegusa themosi bila ruhusa. Wageni wa kudumu walikuwa wawili. Elbia, mjane wa nyumba ya pili, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi kuliko akili. Na Hebert, msimamizi wa zamani wa mitambo ya kufumia ya kiwanda, ambaye tangu astaafu alikuwa na mzaha mmoja tu na aliutumia kila siku.

Dardo ndiye aliyekuwa mgonjwa. Ujana wake wote aliumaliza katika chumba cha kuchambulia sufu, akivuta vumbi la kondoo wa nchi nzima, na kila alipopewa mapumziko alitoka uani kusokota tumbaku ili mapafu yasikae bure. Sasa mapafu yamechakaa. Kutoka kitandani hadi mezani kulikuwa ni safari. Alikuwa na pampu yake ya kuvuta dawa, alikuwa na siku nzuri na siku mbaya, na hayo yote Nibia aliyavumilia. Asichokivumilia ni woga.

Woga ulimjia kaka yake bila taarifa. Anafunga kamba za viatu, au anacheka jambo, mara pumzi inakwama nusu ya njia. Hapo anasimama, anashika mwimo wa mlango, macho yanamtoka, vidole vinavuta kola ya shati mpaka vifungo vinaruka. Na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyoihangaikia hewa, na kadiri anavyoihangaikia ndivyo inavyomkimbia.

"Nakufa, Nibia."

"Ulikufa Jumanne pia. Kaa chini."

"Nakufa, nakuambia."

"Basi kufa kwa adabu, majirani wanasikia."

Ukweli, ambao usingeutoa kwake hata kwa koleo, ni kwamba ile sauti ya kaka yake akitafuta hewa ilimlegeza magoti. Alimpenda. Hakuolewa, hakuzaa, hakuwa na mtu mwingine chini ya jua. Lakini hofu ni mambo ya akina Elbia, kwa hiyo yake aliigeuza kuwa hasira, maana hasira alikuwa ameizoea.

Mwanzo wa majira ya baridi walimpeleka Dardo kwa daktari wa mapafu, mwanamke kijana aitwaye Lacuesta, ambaye hakuwa na mazungumzo marefu.

"Pumzi ikikwama usikimbizane nayo, bwana Dardo," alimwambia. "Viwiko mezani, mabega yashuke. Vuta kwa pua, halafu toa kwa midomo iliyobanwa, taratibu, kama unapoza supu. Mtu awe anakupepea usoni. Na jingine, nalisema mbele ya familia nzima. Vidonge vya kutuliza, hapana. Kwa mapafu kama haya vinatuliza hofu na pumzi kwa pamoja. Hewa chafu inabaki ndani, mtu anasinzia nayo, na anaweza asiamke."

"Tumesikia, daktari," alisema Zulma, akitikisa kichwa kwa unyenyekevu.

"Sihitaji vidonge mimi," Dardo alisema. "Vidonge ni vya watu wa mtaa wetu."

Ndani ya basi la kurudi Nibia alikunja uso. "Serikali imesomesha mtu miaka yote hiyo, aje kutufundisha kupoza supu."

Hata hivyo supu ilionekana kufanya kazi. Wiki chache baadaye Dardo alikuwa mtu mwingine. Hakuvuta tena kola. Pumzi ikikata aliketi tu, midomo ameibana, na akawa na majivuno ya mtu aliyeokoka. Alimweleza Hebert kwamba woga ni kazi ya akili, kwamba mtu akiamua hauogopi hata mlango wa kaburi, na Hebert, ambaye aliamua mambo machache maishani, alikubali kila neno.

"Umemwona kaka yako?" Zulma alimwambia Nibia jikoni. "Ametulia, Mungu ashukuriwe."

"Namwona, wifi. Alikosa ukali tu. Wewe ulimdekeza."

Nibia alisema hivyo akijua vizuri kilichomtuliza. Kilichomtuliza ni yeye. Kila siku baada ya chakula cha mchana alimpa kaka yake kijiko cha maziwa matamu ya kupaka, yale mazito ya rangi ya kahawia ambayo Dardo aliyapenda tangu utoto, na ndani yake alikuwa amesagia nusu. Nusu moja tu. Nusu moja haina neno. Nusu za mtaani zilikuwa ulevi, lakini hii yake ilikuwa tiba, kwa sababu ilitolewa na mtu mwenye akili timamu.

Kuipata kulimgharimu heshima yake. Ilibidi aende kwa Elbia, asimame kwenye kizingiti akiwa ameshika bakuli la mayai, na kuomba. Hakuweza kusema ni ya Dardo, kwa hiyo alinyamaza, na Elbia akadhani alivyotaka kudhani.

"Karibu, dada," Elbia alisema kwa upole, akimfungia vidonge kwenye karatasi ya fedha. "Nilijua siku moja utafika. Sisi sote tumeumbwa kwa nyama."

Nibia angeweza kumvunjia mayai yale kichwani. Akachukua kifurushi, akaenda zake.

Asichokijua ni kwamba hakuwa wa kwanza. Zulma alianza kabla yake. Kila asubuhi aliiweka nusu yake katika kahawa ya maziwa ya mumewe na kuikoroga vizuri, akijiambia kwamba daktari hajawahi kulala kitanda kimoja na mtu anayezama. Nusu moja haina neno. Na Elbia, ambaye huruma yake haikuwa na mlango wala komeo, alimletea Dardo kila alasiri kikombe cha asali na limau kwa ajili ya kikohozi, akasimama juu yake mpaka amalize. Asali ile nayo haikuja peke yake. Wanawake watatu, kila mmoja na siri yake, kila mmoja akitazama utulivu wa yule mzee na kujipongeza kimoyomoyo.

Asubuhi Dardo alianza kuamka na kichwa kinachogonga. Alisinzia mezani, alisahau karata mkononi. Alisahau hata jina la mbwa wao. Nibia aliona na kusema ni uzee, na kwamba mbwa mwenyewe hana maana.

Siku ya tukio ilinyesha tangu alfajiri, na mvua mtaani kule ina maana moja, mikate ya kukaanga. Zulma alikanda unga, akakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, akanyunyiza sukari. Madirisha yalifungwa, jiko la kuni likachochewa mpaka vioo vikatoka jasho. Elbia alikuja na kikombe chake cha asali amekifunika kwa sahani. Hebert alikuja mikono mitupu, kama ada. Walizunguka meza, Nibia akaegemeza themosi kwapani, akaanza kumimina.

Kibuyu kilikwenda kwa Hebert, kikarudi. Kikaenda kwa Elbia, kikarudi. Kikaenda kwa Zulma, kikarudi. Kilipofika kwa Dardo kikakaa. Alikishika kwa mikono miwili, mrija uko karibu na mdomo, kidevu kimeshuka, kwenye mkono mmoja kipande cha mkate kimebanwa kati ya vidole na kibuyu.

"Hicho si kipaza sauti, bwana," alisema Hebert. "Hutuhutubii. Nyonya, upishe wenzio."

Elbia alicheka kama aliyesikia kwa mara ya kwanza. Dardo aliinua macho polepole, akanyonya kidogo, akamnyooshea dada yake kibuyu.

"Asante," alisema.

Sasa, pale mtaani neno hilo halitamkwi ovyo barazani. Anayepokea kibuyu hashukuru. Anayekirudisha na kusema asante amemaliza: hamiminiwi tena, haulizwi kwa nini, anaachwa na mawazo yake mpaka wengine wamalize themosi. Kumrudia ni kukosa malezi. Na Dardo, tangu walipokuwa vijana wa kiwandani, hakuwahi kusema asante kabla themosi haijakauka. Alikuwa mtu wa mwisho kila siku ya maisha yake.

Nibia aliliona hilo. Lilimgusa kidogo, kama mtu anayesikia mlango umefungwa chumba cha pili. Lakini adabu ni adabu, tena aliona fahari fulani kwamba kaka yake leo anajua kiasi. Akamimina, akamruka, akampa Hebert.

Hebert aliwaeleza kuhusu mtaro wa manispaa unaotapika kila mvua ikinyesha. Elbia aliwaeleza kuhusu binamu yake, aliyekuwa anatapika pia. Kibuyu kilizunguka mbele ya Dardo, kulia na kushoto kwake, juu ya mikono yake, na hakuna aliyemtazama usoni, maana aliyesema asante hatazamwi.

"Anapendeza akilala," Elbia alinong'ona wakati fulani, bila kugeuza kichwa sawasawa.

"Muache apumzike," alisema Zulma.

Themosi ilipokauka Nibia alinyoosha mkono kuvuta sahani ya sukari, na ndipo alipouona ule mkate. Ulikuwa bado katikati ya vidole vya Dardo, umepoa, haujaumwa hata mara moja. Akafuata mkono, akafuata bega, akafika usoni. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau zilizoiva. Kifua kilipanda kidogo, kikasahau, kikakumbuka tena baada ya muda mrefu.

"Dardo."

Alimtikisa. Alimpiga kofi, kofi la kweli. Kichwa kilienda upande mmoja na hakikurudi.

"Fungueni dirisha," Nibia alisema. "Hebert, ita gari la wagonjwa. Amka, mpumbavu, toka kwenye kiti hicho. Elbia, ukilia nitakutupa nje."

Hospitalini walimsukuma Dardo nyuma ya mlango wa bembea, wao wakabaki kwenye korido, wanne, mvua ikiwachuruzika. Dakta Lacuesta hakukawia kutoka.

"Amejaa hewa chafu, hapumui vya kutosha kuitoa," alisema. "Nahitaji kujua jambo moja, na nalihitaji sasa. Amekunywa kidonge chochote cha kutuliza au cha usingizi?"

Wote wanne walitazama mlango wa bembea.

"Ipo sindano ya kupinga vidonge hivyo. Lakini kama amekuwa akivitumia kila siku kwa muda mrefu, sindano hiyo inaweza kumtia degedege, na kwa hali yake degedege litamaliza kazi. Kama hajatumia kabisa, ninapoteza muda kufikiria hayo wakati kuna kitu kingine kinamuua. Kwa hiyo niambieni. Alikunywa au hakunywa, na tangu lini?"

Zulma alifungua mkoba, akaufunga. Elbia alikagua viatu vyake. Hebert alizungusha kofia mikononi kama usukani. Nibia aliwatazama mmoja mmoja, akahisi dharau ikimjaa mpaka kooni, dharau tamu, ya zamani. Angalia majasiri hawa. Mtu anakufa nyuma ya mlango, nao wanaogopa kukaripiwa. Alijua kabisa kwamba Zulma ana jambo. Mkono ule kwenye mkoba ulikuwa umeshasema. Akamsubiri aongee. Akasubiri kidogo zaidi. Kisha akagundua kwamba amesimama sawasawa na wao, kimya kama wao, na kwamba daktari anamtazama kwa macho yaleyale ambayo yeye anawatazama.

"Mimi," alisema. "Mimi nampa nusu. Baada ya chakula cha mchana. Kila siku, tangu tulipotoka kwako."

"Wewe?" Zulma aligeuka kama aliyeumwa na nyigu. "Wewe, wifi? Usiyekodisha dereva?"

"Mimi. Sasa sema yako."

Zulma alianza kulia, na katikati ya kilio yakatoka: asubuhi, kwenye kahawa, tangu kabla ya miadi ile. Elbia alishika ukuta.

"Kwenye asali," alisema. "Lakini nusu tu, daktari. Nusu moja haina..." Hakumalizia. "Na hizo za Nibia ni zangu nilizompa. Nilidhani anakunywa yeye. Nilifurahi."

Daktari alimgeukia Hebert.

"Mimi sikumpa kitu," Hebert alisema kwa heshima. "Zangu zilikuwa zimeisha."

Wangekaripiwa wangepata nafuu. Daktari hakuwakaripia. Alirudia maneno yao kwa kifupi kuhakikisha, akasema sindano haifai, atamweka kwenye mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, akapotelea nyuma ya mlango. Walibaki kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuna aliyempa mwenzake nusu.

Dardo aliamka kesho yake, barakoa imemchora mistari mashavuni. Walipomvua kidogo anywe maji, Nibia alikaa ukingoni mwa kitanda na kumweleza yote. Hakupamba, hakuomba radhi, maana kuomba radhi hakuwahi kufundishwa. Kahawa, maziwa matamu, asali.

Dardo alisikiliza. Alifumba macho, hata Nibia akamtazama midomo.

"Kumbe ilikuwa hiyo," alisema hatimaye. "Mimi nilidhani nimekuwa jasiri."

Nibia alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa neno hilo hakuwa amejiandaa. Alivuta shuka, akalikunja pembeni, akalikunjua.

"Hujawahi kuwa jasiri," alisema. "Ukiwa mdogo ulimkimbia bata. Vaa kitu chako hicho."

Dardo alirudi nyumbani na maagizo ya kupunguza dawa kidogo kidogo, kwa sababu mwili ulishaizoea na kuikata ghafla ni hatari nyingine. Kadiri dawa ilivyopungua, woga ulirudi, mzima na mwenye afya. Hakukuwa na supu iliyoweza kuufukuza kabisa.

Alasiri ya kwanza ambayo baraza lilikaa tena, woga ulimjia kabla themosi haijafunguliwa. Dardo alishika meza. Macho yakamtoka. Mkono wa Zulma ukaenda mkobani, wa Elbia mkobani, hata wa Hebert mfukoni, kwa mazoea tu. Nibia aliwatazama. Mikono ikarudi mezani, mmoja baada ya mwingine.

"Nakufa, Nibia."

"Najua," alisema. "Viwiko mezani."

Alivuta kiti akakaa mbele yake, akachukua sinia la mikate akalitumia kumpepea usoni, akabana midomo kumwonyesha. Alijiona kichekesho. Magoti yalikuwa yanamtetemeka chini ya meza kama kawaida, safari hii hakuyaficha, na Dardo akayaona.

"Unaogopa," alisema, kati ya pumzi mbili.

"Sana. Poza supu."

Walipoza. Ilichukua muda, haikupendeza, na wengine watatu walikaa wakitazama bila la kufanya, jambo ambalo ni gumu kwa watu wa mtaa ule. Kisha mabega ya Dardo yakashuka. Nibia akarudi kwenye themosi, akamimina, kibuyu kikazunguka. Kikaenda kwa Hebert, kwa Elbia, kwa Zulma. Kilipofika kwa Dardo kikakaa, na Hebert akafungua mdomo kusema mzaha wake, akaufunga.

Dardo alinyonya kidogo, akanyoosha mkono.

"Asante."

Meza nzima iliacha kupumua. Nibia aliweka themosi chini, akainuka, akamshika kaka yake kidevu na kumgeuzia dirishani auone mdomo vizuri.

"Nimetosheka, mwanamke," Dardo alisema. "Mtu hawezi kutosheka?"

"Huwezi."

Akamimina tena, akakiweka kibuyu mikononi mwake, na kubaki amesimama juu yake, kinyume cha malezi yote. Dardo alinyonya mpaka mrija ukakoroma. Kisha akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, akamwambia mbele ya wageni kwamba maji yamepoa, majani yamechujuka, na kwamba tangu mama yao alipofariki hajawahi kunywa katika nyumba ile kibuyu kinachofaa kumpa hata mbwa. Maneno yale yalimmaliza. Ilibidi arudishe viwiko mezani.

Nibia alimsikiliza hadi neno la mwisho. Kisha akaenda kuchemsha maji mengine.